Fahali Niliyemfungia Zizini

Kama ningepewa siku moja tu ya kurudia katika miaka yangu yote ya kazi, nisingechagua siku ya kwanza wala siku mliyoniaga. Ningechagua asubuhi moja ya manyunyu, kwenye karakana yetu ya kompyuta mjini Migori, wakati Okech, mwenye karakana, aliposimama nyuma ya kiti changu na kuniambia nifute ukurasa wa leseni katika programu ya Zizi. Ningegeuka, nimtazame usoni, niseme hapana. Lakini siku ile sikugeuka. Nilisema, "Sawa, bosi," nikafuta.

Ninyi mlioninunulia keki na kuniomba niandike mawili matatu ya kuwasaidia, najua mlitarajia habari za nyaya na jinsi ya kumtuliza karani anayepiga kibodi kama anatwanga mahindi. Hayo mtayakuta njiani. Lakini karakana zetu siku hizi zinajaa programu ambazo watu wema wameziacha wazi, na kila wiki namsikia mmoja wenu akisema, "Hii ni ya bure, tuichukue tu." Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize.

Kazi yangu haikuanza na kompyuta. Ilianza na ng'ombe, katika soko la mifugo la Ogwedhi, kule mpaka wa Uriri unapokutana na Narok. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikiwa na mwandiko mzuri na si zaidi ya hapo, wakanipa meza, kiti chenye mguu mmoja mfupi, na kitabu cha vibali. Mtu akinunua ng'ombe, ninamwandikia kibali cha kumsafirisha: jina la mwuzaji, jina la mnunuzi, na maelezo ya mnyama ili njiani asisingiziwe kwamba ni wa wizi.

Asubuhi za Ogwedhi zilikuwa na ukungu. Ng'ombe walitokea ndani yake polepole, na jambo nililoliona siku yangu ya kwanza, ambalo hadi leo hunijia usingizini, ni kwamba rangi ilifika kabla ya mnyama. Doa jekundu lilielea hewani, kisha likaota pembe. Weupe ulisogea kama shuka lililoanikwa, kisha ukakohoa. Walikuja wa Wamaasai kutoka mashariki, wa Wakuria kutoka kusini, na wa kwetu Wajaluo kutoka upande wa ziwa, na kwenye ukungu ule hukuweza kujua kundi moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi.

Mimi nikaandika "nyekundu". Wa pili, "nyekundu". Hadi jua kutoka nilikuwa nimejaza kurasa za nyekundu. Mfanyabiashara mmoja wa Kimaasai akachukua kibali chake, akakisoma akiwa amekishika mbali na macho, akacheka hadi fimbo ikamwanguka.

"Karani," akasema, "wewe ukiandika kwamba mke wangu ni mrefu, basi. Akipotea sokoni nitampata wapi?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao kwa aibu. Lakini jioni nikiwa njiani nilimkumbuka baba. Nyumbani kwetu ni Bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay, na baba alikuwa mchungaji tangu utoto. Kinywani mwake hapakuwa na ng'ombe wa "nyekundu". Kulikuwa na silwal, wekundu uliochanganyika na kahawia. Kulikuwa na rabuor, rangi ya nyasi za kiangazi. Halafu kulikuwa na maneno mengine marefu zaidi, ya wekundu wenye vumbi, wa madoa ya ubavuni, wa mkia uliochovya maziwa. Nikaanza kuyaandika kwenye vibali yale machache niliyoyajua. Polisi wa vizuizini walilalamika kwamba hawaelewi. Wenye ng'ombe walielewa vizuri sana.

Kompyuta ilifika Ogwedhi baada ya miaka mingi, ikiwa tayari imezeeka. Iliyokuja nayo ilikuwa programu iitwayo Zizi, na aliyekuja na programu alikuwa Robi.

Robi alikuwa mwalimu wa chuo cha ufundi karibu na Ntimaru, mwanamke Mkuria wa umri wangu, mwenye sauti ndogo ambayo ilikulazimu usogee ndipo umsikie. Zizi alikuwa ameiandika mwenyewe. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza: kila mnyama anayepita sokoni anaandikwa rangi, pembe, masikio na chapa, na mnyama akiibwa popote, habari zake zinapelekwa masoko yote, ili karani wa mbali akimwona amtambue. Rangi zilichaguliwa kutoka orodha. Orodha hiyo ilikuwa na maneno ya Kikuria peke yake, na ya kwanza kabisa ilikuwa rangi moja ambayo sijawahi kuisikia kwingine: weusi unaogeuka majivu kuanzia begani, kama mnyama aliyelala karibu na moto.

"Mwalimu," nikamwambia, "si orodha ifuate alfabeti?"

"Inafuata. Kuanzia wa pili."

"Na huyu wa kwanza?"

"Huyu ni ng'ombe wa baba. Nilimchunga nikiwa mdogo. Huyo hatoki mbele."

Nikamwonyesha maneno yangu ya Dholuo kwenye vibali. Aliyasoma moja moja akitikisa kichwa, kisha akanivutia kiti. "Keti hapa. Ongeza."

"Mimi? Nikiharibu?"

"Ukiharibu tutarudisha ya jana. Ukitengeneza tutakuwa nayo sote."

Akafungua ndani ya programu. Kwa wale mlioanza kazi juzi: programu mnayoiona kwenye skrini ni kama uji uliokwisha kupikwa. Nyuma yake kuna maandishi aliyoyaandika mtu kwa mkono, mstari kwa mstari, tunayoyaita msimbo, na ukiwa nayo ndipo unaweza kujua ni unga gani uliotumika na kubadilisha mapishi. Ukipewa uji tu, utakunywa, lakini ukiwa na chumvi nyingi huna la kufanya. Nilishangaa kuona kwamba msimbo wa Zizi ulisomeka. Robi alikuwa ameandika maelezo pembeni kwa Kiswahili. Nikaandika silwal. Nikaandika rabuor. Mashine ikafikiri kwa muda kisha maneno yakatokea kwenye orodha, na nikahisi kama nimempitisha baba mlangoni akiwa na viatu vya matope.

"Hii ni ya bure?" nikamuuliza.

"Bure si neno lake. Ukitaka unaweza hata kuiuza."

"Niuze kitu chako?"

"Uza. Mimi sitakufuata. Lakini huyo utakayemuuzia lazima apate na huu msimbo, si programu iliyofungwa tu. Na apate ruhusa ileile uliyoipata kwangu: kutumia, kuchungulia ndani, kubadilisha, na kumpa mwingine. Hata hayo maneno uliyoongeza leo, yakitoka kwa mkono wako kwenda kwa mtu ndani ya Zizi, yanatoka na ruhusa hiyo."

"Na nisipotaka?"

"Usimpe mtu. Kaa nayo kwako, igeuze unavyopenda, hakuna atakayekuuliza. Sharti huamka siku unapompa mwingine."

Aliniona bado nimekunja uso, akacheka. "Sikiliza. Baba yangu alileta fahali mzuri kutoka ng'ambo ya mpaka. Jirani yeyote angeleta ng'ombe wake apandwe, hakuna malipo. Sharti lilikuwa moja. Ukipata ndama dume kwa huyu fahali, akikua usimfungie zizini. Jirani yako akija na ng'ombe wake, fungua. Maziwa ni yako. Ndama ni wako, muuze. Lakini anayemnunua anamnunua pamoja na sharti lake."

"Na mtu akimfungia?"

"Baba alikuwa anamwambia mbele ya watu: wewe hukupewa mbegu, uliiba."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo, na nimesoma mengi baadaye. Wataalamu huiita kopilefti. Watu hudhani mwenye programu ya namna hii ameitupa barabarani, aokote anayepita. Sivyo. Zizi ilikuwa na mwenyewe. Sheria ya hakimiliki inampa mwandishi uwezo wa kukataza watu kunakili kazi yake, na wengi huutumia uwezo huo kufunga mlango. Robi aliutumia kuuzuia mlango usifungwe na yeyote, yeye akiwa amesimama pale pale kwenye bawaba. Nguvu ni ileile ya sheria, imegeuziwa upande mwingine. Kwa hiyo mtu akivunja sharti hawezi kujitetea kwamba kitu kilikuwa cha bure. Ruhusa yake yote ilitoka kwenye leseni. Akiitupa leseni, anabaki ameshika kitu cha mtu.

Miaka iliyofuata ndiyo niipendayo zaidi. Kila soko lililopata Zizi liliongeza chake. Intaneti ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo mabadiliko yalisafiri ndani ya flashi, na flashi ilisafiri ndani ya kopo la ugoro la mfanyabiashara yeyote wa ng'ombe aliyekuwa akielekea Ntimaru. Robi aliyaunganisha, akarudisha flashi ikiwa na maneno ya kila mtu na harufu ya tumbaku. Juu kabisa ya msimbo palikuwa na majina ya waliochangia. Langu liliandikwa: Ouma wa Ogwedhi, maneno ya Dholuo.

Kulikuwa na kesi moja Rongo. Mama mmoja wa Uriri alikuwa ameibiwa ng'ombe, nami nikamwandika alivyomtaja: rabuor, mkia uliochovya maziwa. Karani wa Rongo akamtambua mnyama sokoni kwake, akampigia simu mama yule. Tulipofika, jamaa aliyemleta sokoni alikuwa ametulia kabisa. "Jaduong', mzee wangu, ng'ombe ni ng'ombe," akaniambia. "Wa rangi hii wako wengi." Mama hakubishana naye. Aliita jina mara moja, kwa sauti ya mtu anayeita mtoto aje kula, na katika kundi lote masikio mawili yakageuka. Jamaa akaangalia viatu vyake, kisha akaangalia barabara, kisha akakimbia.

Ndipo Okech alipoanza kunitafuta. Alikuwa kijana mchangamfu mwenye karakana Migori, na alisikia kwamba kuna karani anayetengeneza kompyuta za masoko. Ni kweli nilizitengeneza, ingawa kazi yenyewe ilikuwa zaidi ya usafi. Kompyuta ya soko la mifugo haifi kwa virusi. Inafa kwa samadi iliyokauka ikawa vumbi. Nilitembea na brashi ya kupaka rangi, bisibisi, na betri ya akiba nzito kama dhambi. Fungueni mashine, pigeni brashi, funikeni kwa kitambaa. Nusu ya wateja watadhani ninyi ni waganga.

Nikahamia kwa Okech. Na ile asubuhi ya manyunyu ikafika.

"Jaduong'," alisema, "masoko ya upande wa ziwa wanataka hii kitu. Lakini ikibaki wazi hivi, kila kijana pale Rongo ataifungua, aweke jina lake, atupite. Hiyo karatasi ya masharti toa. Majina toa. Tuwape watu programu imefungwa."

"Robi aliitoa kwa sharti."

"Robi ako Ntimaru. Ya Homa Bay atajulia wapi?"

Yeye akainama, akaongea taratibu, na hapa ndipo aliponishika. "Na kwenye skrini, ikiwaka tu, mtu aone: Imetengenezwa na Ouma. Wewe unaandikwa chini ya watu hadi lini?"

Sikushurutishwa. Hakunitishia kazi. Nilitaka kuliona jina langu likiwaka peke yake, basi. Nilifuta leseni, nikafuta majina, la Robi likiwa la kwanza. Programu tukaiita Soko Safi, jina ambalo hata dobi angelionea haya. Kisha, ili pasiwe na wa kuinakili, nikatunga kufuli. Kila mwezi Soko Safi iliomba ufunguo mpya, na ufunguo ulitengenezwa kwenye kompyuta moja tu, ile iliyokuwa juu ya meza yangu. Nilijivunia kufuli lile. Hata maneno ya orodha niliyavuruga ndani yake yasisomeke bila ufunguo.

Masoko ya ziwani yalitaka maneno ya kwao, nami nilijua pa kuyapata. Mwisho wa wiki nilikwenda Lambwe na laptopu. Baba alikuwa amezeeka, macho yamefifia, na zizi lake lilikuwa na mbuzi wachache tu, lakini kila alasiri alikaa langoni pake kama vile kundi lingerudi. Nilikaa kando yake. Alifumba macho yale yasiyoona na kuanza kuwaita, mmoja mmoja, ng'ombe wa ujana wake, wa baba yake, na wa marafiki aliowahi kuwachungia. Kila mmoja alikuwa na rangi na rangi ilikuwa na neno. Kulikuwa na neno la ng'ombe mwenye madoa kama mvua ya kwanza juu ya vumbi. La yule ambaye ni mweusi asubuhi na kahawia jioni. La yule mwenye mstari mweupe mgongoni kama njia ya kwenda kisimani. Jua lilishuka kwenye milima, vidole vyangu vikaandika, na ilikuwa kama wanapita mbele yetu kweli, kwato zao hazitoi sauti.

Sikuandika mahali pengine popote. Niliandika moja kwa moja ndani ya Soko Safi.

"Wuoda, mwanangu," baba aliniuliza siku moja, "haya maneno yanakwenda wapi?"

"Masokoni, Baba. Watu watayatumia."

"Mpe na yule mwalimu wako wa Ntimaru. Sisi na Wakuria tulibadilishana ng'ombe zamani. Wengine wa hawa ni wa kwao."

"Nitampa," nikasema.

Sikumpa. Ningempa Robi maneno yale, Zizi ingekuwa nayo, na Soko Safi isingekuwa na la kuringia.

Mnaweza kufuta kila jina, lakini kazi ya mtu ina alama zake. Robi alikwenda Homa Bay kumwona dada yake aliyeolewa huko, akapitia sokoni kwa mazoea tu. Simu ikalia karakanani.

"Ouma, habari ya kazi."

"Nzuri, Mwalimu. Uko wapi?"

"Niko Homa Bay. Nimemwona ng'ombe wa baba."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimebadilisha jina la programu, rangi ya skrini, kila kitu. Mpangilio wa ile orodha sikuugusa. Weusi unaogeuka majivu kuanzia begani ulikuwa bado mbele, katika soko ambalo hakuna hata mtu mmoja angeweza kulitamka neno lile.

Alipita Migori akirudi kwake. Okech alipomwona alikumbuka kwamba ana shughuli benki. Robi akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani.

"Sikuja kushtaki," akasema. "Leseni haina kisasi. Rudisha karatasi yake, rudisha majina ya watu, na wale mliowapa programu wapeni msimbo. Mkifanya hivyo mko sawa kama mwanzo. Endeleeni kuiuza."

"Nitaongea na Okech."

"Na yale maneno mapya niliyoyaona pale ni mazuri sana. Ni ya nani?"

"Ya baba."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Ouma, sasa umemfungia hata baba yako?"

Niliongea na Okech, kwa ile sauti ya mtu anayeomba akataliwe. Akasema tungoje kidogo, masoko yazoee kwanza. Nikangoja. Ningeweza kuyanakili maneno ya baba alasiri moja na kuyapeleka Ntimaru kwenye kopo la ugoro. Msimbo ulikuwa wazi mbele yangu kila siku. Nilijiambia wiki ijayo.

Baba akafa katika msimu wa mvua fupi. Robi alikuja mazishini na wazee wa kwao, wakatembea kutoka barabarani hadi bomani kwenye matope. Hakusema neno juu ya programu siku nzima. Alipokuwa akiondoka tu, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, ndugu yangu. Maneno yake usiyaache mle ndani."

"Wiki ijayo, Mwalimu," nikasema. Nilimaanisha kabisa.

Alasiri moja kabla ya wiki hiyo kufika, radi ilipiga karakana. Mnaijua radi ya huku kwetu, haibishi hodi. Palitokea mwanga mweupe, halafu harufu ya plastiki. Kompyuta yangu iliungua. Akiba ya kila kitu ilikuwa kwenye diski ya pembeni, na diski ya pembeni ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ileile, kama mtu anayeficha ufunguo wa pili kwenye pete moja na wa kwanza. Laptopu niliyokwenda nayo Lambwe Okech alikuwa ameshaisafisha na kuiuza. Msiache akiba yenu imechomekwa. Hilo ndilo funzo mlilolitaka, lichukueni.

Kesho yake mwezi ukaisha, na karani wa Homa Bay akapiga simu.

"Jaduong', hii mashine inaniomba ufunguo."

"Sina."

"Huna vipi?"

"Uliungua."

Nikamsikia akiwaambia wenzake, kisha vicheko, kisha akarudi. "Kwani nyinyi mlijenga nyumba yenye mlango mmoja, mkaweka ufunguo ndani ya moto?"

Nilizunguka soko hadi soko na bisibisi yangu. Kufuli langu lilikuwa zuri. Sikuweza kulifungua mimi mwenyewe niliyelitunga. Mashine ya mwisho niliyoifikia ilikuwa imekwisha kufutwa yote, inapiga nyimbo za harusi kwenye duka la sabuni.

Hapo ndipo nilipokwenda Ntimaru. Robi alinipokea kwa chai, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akafungua Zizi yake. Ilikuwa imekua. Kulikuwa na maneno ya Kimaasai, maneno kutoka ng'ambo ya mpaka Tanzania, na sehemu ya picha iliyotengenezwa na wanafunzi ambao hawajawahi kumwona Robi. Masoko ya ziwani aliyapa yote juma lile lile, pamoja na msimbo, pamoja na karatasi yake. Akapanda hadi juu kwenye majina. Lilikuwepo: Ouma wa Ogwedhi, maneno ya Dholuo.

"Hukunitoa?"

"Nikutoe kwa nini? Uliyaleta." Akavuta kibodi, akaisogeza kwangu. "Haya. Tuandike ya baba yako. Sema unayokumbuka."

Nilikaa mbele ya skrini ile hadi chai ikapoa. Niliwaona wote. Madoa ya mvua ya kwanza nilimwona. Mwenye njia ya kisima mgongoni nilimwona anavyotembea. Lakini maneno hayakuja. Yalikuja machache, ambayo kila mzee wa Lambwe anayajua, na Robi aliyaandika. Nimerudi kwa wazee wa huko tangu wakati ule. Wengi wananiambia, "Baba yako ndiye angejua."

Sasa nimestaafu, na usingizi wa mchana unanichukua kwa urahisi. Ukungu wa Ogwedhi huja. Rangi hufika kwanza, kisha pembe, na nyuma yao anatembea baba, akiwa anaona tena, midomo yake ikiita kila mmoja. Ninasogea nisikie. Sisikii.

Fungueni Zizi katika soko lolote la Migori au Homa Bay leo, mtamkuta wa kwanza kwenye orodha ni ng'ombe wa babake Robi, na atabaki pale hata sisi sote tukiondoka, kwa sababu mwenyewe alimwacha nje. Wa baba yangu hawapo. Alinipa maneno ya kundi zima kabla ya kufa, nikayafungia nyuma ya jina langu, yakaungua humo. Okech hakuyapoteza, wala radi haikuyapoteza. Niliyapoteza mimi siku niliposema sawa.